Shajara ya mradi: kulungu kwa upinde katika msitu wa Wayne, Ohio, 2024

17 Machi 2024. Kusudi na sheria

Naandika hatua kwa hatua ili Mswahili mwingine aliyeko Ohio, au jimbo lolote la Marekani lenye msitu wa serikali, afuate njia hii bila kulipia tena yale nitakayokuwa nimeshayalipia. Lengo la mwaka huu ni moja: kulungu mkia-mweupe mmoja, kwa upinde, kwenye ardhi ya umma, nyama iwe halali na ifike jikoni ikiwa safi.

Hapa Columbus wengi wetu tunaamini kuwinda ni mambo ya wenye mashamba. Waliotoka Kenya wanakumbuka kwamba uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na waliotoka Tanzania wanajua kwamba mtu akikutwa na nyama pori bila kibali ni jangili. Woga huo una sababu zake, lakini hapa mambo ni tofauti. Msitu wa Taifa wa Wayne, kusini-mashariki mwa jimbo, una zaidi ya ekari 240,000 katika vipande vitatu vinavyoitwa kwa majina ya Athens, Marietta na Ironton, na mwenye leseni yeyote anaruhusiwa kuwinda humo. Kipande cha Athens ni mwendo wa saa moja na kitu kutoka kwangu kwa barabara ya 33. Serikali ilianza kununua ardhi hiyo miaka ya 1930, baada ya kilimo na machimbo ya makaa ya mawe kuichosha. Kulungu wenyewe walikuwa wameisha Ohio ilipofika 1904. Wakarudishwa, wakalindwa, na msimu wa kwanza wa kuwawinda ukafunguliwa mwaka 1943 katika kaunti tatu tu. Leo wako kila kaunti. Sehemu kubwa ya fedha za kazi hiyo inatoka kwenye leseni na kwenye kodi ya vifaa vya uwindaji chini ya sheria ya shirikisho ya 1937, kwa hiyo anayenunua mishale dukani naye amechangia. Hilo linanipa furaha ya kweli.

Anayeanza lazima apite mafunzo ya usalama kabla ya kuuziwa leseni ya kawaida. Madarasa ya jimbo ni bure. Nimemaliza langu wiki hii, nikiwa nimefunga, na cheti ninacho. Leseni ya mkazi ni dola 19 na kibali cha kulungu dola 31. Mambo mengine ya kushika: unawinda kuanzia nusu saa kabla jua halijachomoza hadi nusu saa baada ya kuzama, kumwaga mahindi au chambo chochote kwenye ardhi ya umma ni marufuku, dume mwenye pembe ni mmoja tu kwa msimu mzima, na kwenye ardhi ya umma asiye na pembe pia ni mmoja tu. Upinde usipungue mvuto wa ratili 40, na kigumba kiwe na makali mawili au zaidi na upana usiopungua robo tatu ya inchi.

Sumu kwenye mshale ni marufuku kabisa, na hapo ndipo uwindaji huu unapotofautiana na tuliosimuliwa na wazee. Wawindaji wa Kiwaata kule nyika ya pwani ya Kenya waliangusha tembo kwa sumu ya msunguti, na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanapaka sumu ya mimea mingine kwenye mishale ya wanyama wakubwa hadi leo. Huku kazi yote ni ya makali. Mshale unakata mapafu na mishipa, damu inatoka, mnyama anaanguka muda mfupi baadaye. Ukipiga ovyo, umemtesa kiumbe na nyama huipati. Kila nitakachoandika kuanzia hapa kinahusu kumsogelea mnyama kiasi kwamba mshale hauna pa kwenda ila mapafuni.

Nilimuuliza ustadhi wa msikiti wetu kuhusu uhalali. Akasema: ukiachia mshale wenye makali kwa Bismillahi na mnyama akafa kwa jeraha hilo, ni halali. Ukimkuta yuko hai, mchinje. Ukimkuta amefia majini, muache, maana hujui kilichomuua ni mshale au maji. Na kitu butu kikimuua kwa uzito wake, hafai.

28 Aprili. Upinde wa mtumba

Nimenunua upinde wa kapi uliotumika, yaani wenye magurudumu madogo kwenye ncha zake, dola 280, ukiwa na pini za kulengea na kishikilia mshale chake, kile kidude ambacho mshale unakalia kabla ya kuachiwa. Nilitafuta wa mkono wa kulia, mvuto wa kurekebishika kati ya ratili 50 na 60. Huo nikaupata. Urefu wa mvuto ndio ulioleta shida.

Upinde wa kapi una ukuta: ukiuvuta unafika mahali unagoma, na hapo uzito unapungua sana ili uweze kushikilia na kulenga. Umbali wa kufika kwenye ukuta huo unapangwa kulingana na mikono ya mwenye upinde, na huu ulipangwa inchi 30. Bega langu la kushoto lilinyooka kupita kiasi, uso ukawa unausaka ugwe badala ya ugwe kuja usoni, na kila mshale wa pili ugwe ulinichapa kigasha mpaka kikavimba. Mishale ikatawanyika upande wa kushoto wote.

Kipimo ni rahisi na ningeshauri ukifanye kabla hujatoa hata senti. Simama ukiegemea ukuta, nyoosha mikono yote miwili, mtu apime kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kidole cha kati kwa inchi, kisha gawa kwa 2.5. Mimi ni 70, kwa hiyo 28. Fundi wa pinde alibadilisha kipande cha kapi na kufunga ugwe mpya, dola 65 kwa vyote. Nikamwomba pia ashushe mvuto hadi 52. Kujisifia ratili 60 hakuna maana kama ukiwa umekaa kitako kwenye baridi huwezi kuuvuta polepole bila kuuinua juu kwanza. Kulungu anaona mwendo huo. Jaribio langu siku hizi ni kukaa kwenye stuli, miguu imening'inia, na kuuvuta moja kwa moja kuelekea lengo. Ukishindwa hivyo, punguza.

9 Juni. Mishale na karatasi

Mishale sita ya bei ya chini, dola 45, imekwenda bure. Ilikuwa na namba 300. Kwenye mishale ya kaboni namba ikiwa ndogo mshale ni mgumu zaidi, na kwa mvuto wangu huo ni ugumu wa kupindukia. Mshale lazima ujipinde kiasi unapoachiwa, kisha unyooke. Wangu haukujipinda, ukawa unaruka ukiwa umekaa upande.

Hilo nililigundua kwa karatasi. Tandaza gazeti kwenye fremu, simama hatua chache mbele yake, piga mshale upite. Ukienda sawa, karatasi inabaki na tundu dogo lenye alama tatu za manyoya. Ukienda upande, karatasi inachanika mpasuo. Yangu ilichanika karibu inchi mbili, na nilisogeza kishikilia mshale huku na kule bila mpasuo kwisha. Nikanunua sita nyingine za namba 400, dola 60. Siku hiyohiyo mpasuo ukapungua, na kusogeza kishikilia kidogo kukaumaliza.

Lengo la povu limenigharimu dola 70. Naliweka gereji, napiga usiku nikitoka zamu ya ghala, mishale michache tu kila mara. Mwili ukichoka unajifunza makosa.

21 Julai. Ramani, miguu na kupe

Wayne si msitu wa kipande kimoja. Mashamba ya watu yamejichomeka katikati yake kila mahali, na Ohio inataka ruhusa ya maandishi ya mwenye shamba ndipo uwinde kwake. Kulungu aliyepigwa anaweza kukimbia yadi mia na zaidi kabla hajaanguka. Akiangukia upande wa pili wa mpaka, unahitaji ruhusa hata ya kumfuata. Kwa sababu hiyo niliondoa kwenye ramani kila mahali palipo karibu na mpaka, kisha nikabaki na ninachoweza kutembea.

Mahali pa kwanza palionekana pazuri kwenye picha za setilaiti: uwazi mrefu wenye nyasi, msitu pande zote mbili, mwendo mfupi kutoka maegesho. Nilipofika nikakuta utepe wa rangi umefungwa mtini, mara mwingine, na njia ya viatu imekanyagwa hadi udongo umeonekana. Kila aliyefungua ramani ameona nilichoona. Nimepaweka akiba.

Mahali pa pili sikupaona kwenye ramani. Nilipaona kwa kukwepa. Bonde hili lina vijito vyenye rangi ya machungwa kwa sababu ya maji yanayotoka kwenye machimbo ya zamani ya makaa, chuma kikiganda juu ya mawe. Upande wa kaskazini, huko New Straitsville, moto uliowashwa mgodini mwaka 1884 wakati wa mgomo uliendelea kuwaka chini ya ardhi miaka na miaka. Watu hawapendi kuvuka kijito cha namna hiyo, na ng'ambo yake kuna ukuta wa mawaridi pori, miiba hadi kifuani. Nikauzunguka kwa kufuata maji. Nyuma ya miiba kilima kinapanda, na theluthi ya juu ya mteremko kuna ubao wa ardhi tambarare, labda hatua thelathini kwa upana, wenye mialoni myeupe mitano mikubwa. Malalo ya kulungu yalikuwa hapo, nyasi zimelala kwa umbo la mwili, na kinyesi kibichi. Kutoka barabarani si hata nusu kilomita. Watu wengi wanaamini lazima utembee maili tatu ili uwapite wawindaji wengine. Kwa niliyoyaona, kikwazo kimoja kinachochukiza kinafanya kazi kuliko maili.

Mwaloni mweupe ndio wa kutafuta. Mbegu zake hazina uchungu mwingi kama za mwaloni mwekundu, na kulungu huzianza hizo kwanza zikianguka Septemba na Oktoba. Utaujua kwa majani: ncha zake ni za mviringo, za mwekundu zina ncha kali.

Kupe: suruali na buti nimezipulizia dawa ya pemethrini na kuziacha zikauke siku nzima kabla ya kuvaa. Safari isiyo na dawa niliwatoa kwapani na nyuma ya magoti. Yenye dawa, hakuna hata mmoja.

25 Agosti. Kiti cha mtini

Kwenye ardhi ya umma hupigilii misumari mtini wala hujengi. Nilichagua kiti cha kupanda nacho: vipande viwili vya alumini vinavyoukumbatia mti, unasimama kwenye kimoja, unainua kingine, unapanda taratibu. Cha mtumba, dola 130, kilo kama tisa mgongoni. Mkanda wa usalama nimenunua mpya, dola 85, na hapo sishauri mtumba hata kidogo. Mkanda una tarehe ya mwisho wa matumizi, na huwezi kujua uliwahi kumdaka mtu au la.

Majaribio ya kwanza yalinipa hofu. Nilianza na mhikori, mti wenye maganda yanayoning'inia kama vigae vilivyolegea. Kila hatua ganda lilikatika kwa kelele, na meno ya kiti hayakushika. Nikiwa kimo cha paa la nyumba, kipande cha miguu kilichomoka na kuteleza chini hadi shinani. Nilibaki nimekalia cha juu, mkanda umenishika. Nilishuka salama kwa sababu ya mambo mawili tu: mkanda ulikuwa umefungwa tangu nikiwa ardhini, na simu ilikuwa mfukoni mwa kifua, si begini, nikamwita shemeji aliyekuwa akisubiri kwenye gari.

Akafika akitazama juu. "Shemeji, usishuke peke yako. Nirushie kamba."

Nikamteremshia, akakifunga kipande, nikakivuta na kukirudisha miguuni.

Marekebisho: vipande vyote viwili sasa vimefungwa pamoja kwa kamba fupi, kwa hiyo cha miguu hakiwezi kwenda popote. Natumia miti ya tulipu tu, iliyonyooka, isiyo na matawi ya chini, yenye gamba ambalo meno yanalizamia. Kila mahali chuma kinapogusana na chuma nimezungushia utepe wa kitambaa wa mpini wa baiskeli. Upinde haupandi na mimi. Naufunga kwa kamba, nikishakaa na kujifunga ndipo nauvuta juu, bila mshale kwenye ugwe.

Upimaji wa shabaha kutoka juu nao una jambo lake. Uwanja wa umma ninaofanyia mazoezi una jukwaa refu. Ukinyoosha mkono tu kuelekea chini, umbo lote la mvuto linavunjika na mshale unapita juu ya lengo. Vuta upinde ukiwa sawa na upeo, kisha kunja kiuno.

15 Septemba. Vigumba, na ukame

Vigumba vitatu vya makali ya kudumu, dola 40, uzito uleule wa grani 100 kama ncha za mazoezi. Kwenye yadi 20 vilipiga inchi nne kushoto mwa ncha za mazoezi. Watu wengi hapa husogeza pini. Ukifanya hivyo umeficha ugonjwa. Kigumba kina mabawa yake mbele, na kosa dogo la upinde ambalo ncha ya mazoezi inalivumilia kigumba kinalikuza. Nilikisogeza kishikilia mshale kulia, kiasi cha unene wa kadi ya benki, nikapiga vyote viwili tena, nikasogeza tena. Vilipokutana, ndipo nikagusa pini. Kigumba kilichotumika mazoezini hakiwindi hadi kinolewe: nakipitisha kwenye raba iliyovutwa, kisipoikata kwa kuteleza tu, narudi kwenye kinoo.

Nimeamua umbali wangu wa mwisho ni yadi 25. Kwenye povu napiga 40 bila shida, lakini povu halina masikio. Kulungu akisikia ugwe anajikunja ili kuruka, na mshale unaofika kwa kuchelewa unakuta mgongo mahali pa mapafu.

Kusini-mashariki mwa Ohio kumekauka mwaka huu kwa kiwango ambacho jimbo halikuwahi kuwekewa tangu ramani za ukame za taifa zianze. Vijito vimekatika, majani yanalia chini ya kiatu kama karatasi. Kuingia kwa njia ya juu haiwezekani bila kusikika. Nimehamia ndani ya kijito chenyewe: mawe matupu, kingo za kunificha, hakuna majani. Buti za mpira dola 75.

29 Septemba. Ufunguzi

Msimu wa upinde umefunguliwa jana, Jumamosi, na utaendelea hadi tarehe 2 Februari. Ijumaa mabaki ya kimbunga Helene yalileta mvua na upepo, mvua iliyongojewa na kila mkulima wa huku. Asubuhi majani yalikuwa laini, na kutembea kukawa kimya kabisa.

Kwenye maegesho ya mahali pa kwanza palikuwa na magari hata pa kugeuzia hapakuwepo. Sikusimama. Ng'ambo ya kijito cha machungwa sikukuta alama ya mtu. Majike wawili walipita yadi sitini hivi, nikawatazama tu.

13 Oktoba. Upepo

Sehemu hii ndiyo iliyonifundisha zaidi, kwa hiyo nitaieleza kwa urefu.

Nilikuwa nimeweka kiti chini kidogo ya ule ubao wa mialoni, karibu na njia ya kulungu inayopanda kutoka bondeni. Utabiri ulisema upepo wa kusini-magharibi, njia iko upande wa magharibi wangu, hesabu ikakubali. Asubuhi moja jike alitokea bondeni, akapanda hadi yadi arobaini, akasimama. Akainua pua. Kisha akapuliza kwa nguvu, ile sauti ya pumzi kali inayosikika bonde zima, mkia mweupe ukasimama, akatoweka. Wiki hiyo jambo hilo likajirudia na kulungu mwingine mahali palepale.

Nilichukua sufi ya magugu ya porini, ile inayofungwa ndani ya maganda yanayopasuka vuli, nikawa naachia uzi mmoja mmoja nikiwa juu ya kiti. Poda ya kupuliza wanayouza dukani inaonyesha hatua mbili tatu tu. Sufi unaifuata kwa macho hadi mbali. Niliona wazi: juu ya kilele upepo ulikwenda kaskazini-mashariki kama utabiri ulivyosema. Mahali pangu, gizani na dakika za kwanza za mwanga, sufi ilizama polepole kuelekea bondeni, moja kwa moja juu ya njia. Jua lilipogusa mteremko ikasimama, ikazunguka, halafu ikaanza kupanda.

Hewa baridi ni nzito, hutiririka kushuka mabondeni usiku na jioni. Ikipata jua hupanda. Kwenye nchi ya vilima utabiri wa simu unakuambia habari za juu tu. Kulungu hawa wanajua. Hulala theluthi ya juu ya mteremko uliokingwa na upepo, ambapo upepo wa juu unapita migongoni mwao ukiwaletea harufu ya kilele, na hewa ya bondeni inawapandia mchana kutoka mbele.

Basi mpango umebadilika hivi. Asubuhi sikai tena chini ya njia wala karibu nayo bondeni. Nakaa juu yake, na naingia nikiwa nimechelewa kidogo ili hewa ianze kupanda. Jioni naingia kwa kijito, nakaa pembeni mwa ubao upande wa bonde, ili harufu yangu ishuke kwenye miiba mahali ambapo hakuna kulungu wala mtu. Mti wa tulipu unaofaa upo, yadi 18 kutoka mwaloni ulio katikati.

27 Oktoba. Jike mmoja, alhamdulillahi

Jana jioni. Niliingia mapema alasiri kwa kijito, nikapanda, nikaachia sufi. Ikashuka miibani kama nilivyotaka. Jua lilizama saa kumi na mbili na nusu na dakika chache. Kabla yake kidogo majike watatu walikuja kutoka juu, wakiokota mbegu za mwaloni, unasikia meno yakizivunja.

Mkubwa wao alinigeukia kifua kwa muda mrefu. Kifua hakipigwi: mfupa uko mbele. Nilisubiri. Alipogeuka ubavu, mguu wa mbele ukiwa umetangulia, kichwa chake kikiwa nyuma ya shina, nikavuta. Yadi 18. Nikalenga theluthi ya chini ya kifua, nyuma tu ya bega, nikakunja kiuno. Bismillahi, Allahu Akbar, kwa sauti ya chini, na mshale ukatoka.

Aliruka mateke, akakimbia kuelekea chini, kishindo kikasikika kisha kimya. Nilikaa nusu saa nzima bila kushuka, ingawa mwili wote ulitetemeka. Mshale nilioukuta umechomeka ardhini ulikuwa na damu nyekundu ya kung'aa yenye mapovu, nayo ni damu ya mapafu. Ingekuwa nyeusi nzito ningemwacha saa kadhaa, maana ni ini. Ingekuwa na uchafu wa kijani na harufu, ningerudi asubuhi. Nilimkuta yadi kama themanini chini, ameshakufa, jani mdomoni.

Huku unatengeneza lebo mwenyewe: karatasi yenye jina, tarehe, saa na kaunti, inafungwa kwa mnyama kabla hujamsogeza. Kisha unaripoti kwa programu ya HuntFish OH au kwa simu, kabla ya saa sita mchana wa siku inayofuata. Bondeni intaneti haishiki, niliripoti nikiwa njiani.

Nilipompigia shemeji alijibu kabla simu haijaita mara mbili. "Umepata?"

"Nimepata, shemeji. Lete taa na kamba."

"Nishavaa viatu."

Kumtoa kwa kumburuta ndani ya kijito kulishindikana: maji ya mgodi yangegusa nyama. Tulimkata palepale vipande vinne na kuvifunga kwenye mifuko ya pamba. Mifuko, kamba na visu vilikuwa dola 45. Tulibeba kwa zamu mbili. Atakayekuja huku aje na mbeleko ya mizigo yenye fremu, mkoba wa kawaida ulituumiza mabega.

3 Novemba. Nyama

Usiku wa Oktoba bado si baridi ya friji, kwa hiyo barafu ilikuwa lazima: dola 18. Vipande vilikaa kwenye sanduku la barafu, tundu la chini wazi ili maji yatoke, kwa siku kadhaa kabla ya kukata. Nyama iliyolowa maji ya barafu inapauka na kupoteza ladha. Ukiweka plastiki katikati inabaki kavu.

Mtu anayekata nyama kibiashara angetutoza dola mia na zaidi. Tulikata wenyewe mezani, tukapata kilo ishirini hivi za nyama tupu. Mafuta ya kulungu toa yote, yanaganda mdomoni kama nta. Mishkaki ya kwanza ilikauka, kwa sababu nyama hii haina mafuta ndani yake. Ya pili tuliloweka usiku kucha kwenye mtindi, tangawizi na papai bichi kidogo, moto mkali, muda mfupi, ikawa laini hata bibi wa jirani yetu asiye na meno mengi alikula. Mguu wa nyuma umeingia kwenye pilau la Ijumaa. Shingo ni ya mchuzi wa nazi, saa tatu jikoni, hakuna sehemu nyingine inayoishinda.

1 Desemba. Gharama, na wiki ya bunduki

Jumla hadi leo, bila petroli, ni dola 963, ikiwa ni pamoja na ile mishale 45 ya bure. Mwaka ujao sehemu kubwa haitarudi: nitalipa leseni, kibali, barafu na kigumba kimoja kilichopinda. Mtu akianza leo kwa mpangilio huu, na akipima mikono yake kabla ya kununua, atatumia kama dola 850. Anayeweza kuazima kiti cha mtini atashuka zaidi.

Kesho, tarehe 2, wiki ya bunduki inaanza na itaisha tarehe 8. Mwenye upinde naye anatakiwa kuvaa fulana ya rangi ya machungwa inayong'aa juu ya nguo zake zote siku hizo. Mimi sitaingia msituni wiki hiyo. Kibali kingine nitakinunua nikitaka dume, maana jike wa ardhi ya umma kwa mwaka huu nimeshamchukua. Shemeji ameanza darasa la usalama, na mikono yake ni inchi 73, kwa hiyo tunatafuta upinde wa mtumba wa inchi 29.